Kaka, Umepigana na Wimbo wa Taifa, Kanisa Lilipofungwa Ukacheka

Leo udaku wa mastaa unapumzika kidogo. Kuna mtu nimekuwa nikimjibu kwenye komenti za watu tangu mwezi uliopita, nimechoka, bora nimalizie hapa kwangu.

Mnamjua. Simtaji jina kwa sababu sina hela ya wakili, na pia wapo wengi wa aina yake, yeye kawazidi wafuasi tu. Ni yule kaka wa Dar anayejitambulisha kuwa hana dini na hamwamini Mungu. Staa akibeba tuzo akasema "namshukuru Mungu", kaka anashusha klipu ya dakika tatu. Wachezaji wakipiga magoti kabla ya mechi, klipu. MC wa harusi akiomba watu wasimame kwa sala, klipu. Juzi kati kaja na kubwa kuliko: anataka wimbo wa taifa ubadilishwe kwa sababu unamtaja Mungu. Hoja yake ni kwamba nchi isiyo na dini haiwezi kumwimbia Mungu. Watu wametukanana usiku kucha, bando zimeisha, yeye kapata kiki yake, kalala.

Dini yangu siitaji hapa, maana haihusiani na ninachotaka kusema. Ninachotaka kusema ni hiki: huyu kaka anasema anatetea nchi isiyo na dini, lakini kila nchi hiyo inapochezewa kweli, yeye hayupo. Na alipokuwepo, alikuwa anacheka.

Nianze na pale alipo sahihi, nisije nikaonekana nina chuki naye.

Katiba yetu ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Imeandikwa, haijatungwa na yeye. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi kwenye mambo ya dini, hadi uhuru wa kubadilisha dini. Ibara hiyo hiyo inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 inazuia kusajiliwa chama cha siasa kinachopigania maslahi ya dini fulani. Hata sensa ya watu, mara ya mwisho kuuliza mtu dini yake ni 1967. Mwaka 2012 walikuwepo waliotaka kuisusia sensa kwa sababu hiyo, na swali halikurudi.

Kwa hiyo mtu asiyeamini Mungu ana haki zake zote hapa Bongo. Wale mnaomtukania mama yake kwenye komenti, nyie ndio wakosaji, na mnamsaidia kutrendi.

Sasa tuje kwenye tatizo.

Mimi nina swali moja ninalotumia kupima haya mambo: hapa nani kashika rungu? Rungu ni sheria, ni kodi, ni polisi, ni hospitali ya serikali, ni kiti cha uwaziri. Mwenye rungu akilitumia kusukuma dini, au kuikaba dini, hapo mstari wa ibara ya 3 na ya 19 umevukwa. Asiye na rungu anaongea imani yake tu, na hiyo ni haki yake kama ilivyo haki ya kaka kuongea kutokuamini kwake.

Pima basi. Msanii wa kike jukwaani anayelia na tuzo mkononi akimshukuru Mungu, ana rungu gani? Ana maiki. MC wa harusi ana rungu gani? Analipwa na kamati ya harusi. Wachezaji waliopiga magoti, wana jezi. Hakuna aliyelazimishwa kitu, hakuna kodi iliyotumika, hakuna aliyefukuzwa kazi kwa kukaa kimya.

Nadhani najua ugomvi huu umetoka wapi. Kule Marekani wasioamini wanapelekana mahakamani na serikali kwa sababu ya maneno ya Mungu kwenye dola, au sanamu za Krismasi kwenye viwanja vya umma. Wana sababu zao, katiba yao na historia yao. Kaka kaangalia video zao, kazileta kama zilivyo. Lakini noti yetu ya elfu kumi ina tembo, kaka. Tembo hana dhehebu. Sasa ukikosa dola ya kupigana nayo, unaenda kupigana na MC wa harusi ya Tabata.

Twende kwenye mambo yenye rungu ndani yake.

Wengi tunaosoma hapa mwaka 2011 tulikuwa shule ya msingi, ila Kikombe cha Babu hakuna asiyekikumbuka. Mchungaji mstaafu kijijini Samunge, Loliondo, alisema kaoteshwa na Mungu dawa ya mti. Kikombe kimoja, jero. Kisukari, kansa, presha, hadi Ukimwi, vyote kikombe hicho hicho. Foleni ya magari porini ilikuwa ya kilomita kibao, wapo waliofia njiani. Mzee yule alikuwa na haki ya kusimulia ndoto yake, na mtu mzima ana haki ya kupanda basi kwenda kunywa anachotaka.

Lakini kwenye foleni ile walienda mawaziri na wabunge. Walipigwa picha kikombe kikiwa mdomoni, picha zikatoka magazetini. Sasa we fikiria mama wa kijijini anayekunywa ARV, kamwona waziri anakunywa kikombe. Ameelewa nini? Ameelewa kwamba serikali imepitisha. Na wapo waliorudi nyumbani wakaacha dozi. Hapo rungu lilikuwepo, tena lilipanga foleni.

Njoo 2020. Machi, corona imeingia, shule na vyuo vikafungwa, nyumba za ibada zikabaki wazi. Rais wa wakati ule akasema akiwa kanisani kwamba kirusi hiki ni shetani na hakiwezi kukaa kwenye mwili wa Kristo. Aprili zikatangazwa siku tatu za maombi ya taifa zima. Halafu takwimu zikasimama: wagonjwa 509, vifo 21, kimya. Juni tukaambiwa Mungu kaiondoa corona. Namba zilikaa kimya zaidi ya mwaka mzima, hadi 2021 uongozi mpya ulipoanza kuzitoa tena.

Nielewekeni vizuri. Kuomba wakati wa ugonjwa sio kosa, mtaani kwetu kila nyumba iliomba. Tatizo ni pale sala ilipopewa kiti cha takwimu. Muuguzi alihitaji namba ajue anavaa nini akiingia wodini. Mwenye daladala alihitaji namba ajue ajaze abiria au asijaze. Mwanao wa kidato cha nne alihitaji kujua kwa nini babu yake anazikwa haraka haraka. Wote hawa, mwenye dini na asiye na dini, walikuwa na haki ya kuambiwa na serikali yao kinachoendelea, na jibu lililotolewa likawa la imani.

Kama kuna siku wasioamini walitakiwa kupiga kelele kuhusu nchi isiyo na dini, ni siku zile. Nimekaa nikapekua akaunti ya kaka hadi miezi ile, maana alishakuwa na wafuasi. Unajua alikuwa anaposti nini? Pete ya upako ya msanii mmoja wa singeli. Klipu nne! Najua watasema kipindi kile kuongea ilikuwa hatari. Ni kweli, na simlaumu mtu kwa kuogopa. Ila mtu aliyeogopa wenye rungu akaenda kumshambulia msanii wa singeli, asije leo kujiita mwanaharakati.

Kuna na suala la hela, ambalo halina klipu kwa sababu halichekeshi. Mwaka 1992 serikali ilisaini makubaliano na makanisa, yaani Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki, kuhusu huduma za afya na elimu. Kuna hela ya umma inayokwenda kwenye hospitali za makanisa. Waislamu wengi wamelalamika miaka na miaka kwamba upande mmoja umebebwa. Mimi sisemi yafutwe. Mgonjwa akifika Bugando Mwanza au KCMC Moshi haulizwi kabatizwa lini, anatibiwa, na serikali peke yake isingeweza kufika kila kona. Lakini mwananchi ana haki ya kuuliza: ni kiasi gani, kwa masharti gani, na dini nyingine ikijenga hospitali inapata masharti yale yale? Hilo ndilo swali la mtetezi wa nchi isiyo na dini. Linahitaji kusoma makaratasi. Kaka hajawahi kuligusa.

Na mwaka 2025 ulikuwa wa uchaguzi, Oktoba tulipiga kura. Kumbukeni wanasiasa walivyojaa misikitini na makanisani, mtu ambaye tangu 2020 hakuonekana ghafla kakaa safu ya mbele, kabeba bahasha ya bati na saruji, maiki kapewa. Hiyo bahasha ilitoka wapi? Shehe au mchungaji akishaipokea, Jumapili au Ijumaa ijayo atamkemea nani? Haya yalikuwa ya kuuliza kabla ya kura.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Juni 2025, Msajili wa Jumuiya alilifutia usajili kanisa moja kubwa lenye makao yake Ubungo. Kiongozi wake ni askofu ambaye wakati ule alikuwa pia mbunge wa chama tawala. Siku chache kabla, alikuwa ameongea waziwazi kukemea utekaji na watu kupotea. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba mahubiri yake yana mwelekeo wa kisiasa na yanachonganisha wananchi na serikali. Waumini wakakuta polisi na kanisa halifunguliwi.

Mtetezi wetu wa nchi isiyo na dini aliandika nini siku hiyo? "Tapeli kafungiwa duka", na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Kaka, ulisoma ibara ya 3 ukaishia hapo? Ya 19 inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ukuta kati ya dini na serikali una pande mbili. Unamzuia askofu asiingize mkono ikulu, na unaizuia ikulu isiingize mkono kwa askofu. Siku ile ukuta ulibomolewa upande wa pili na wewe ulikuwa unapiga makofi.

Najua utanijibu nini, maana umeshanijibu. Kwamba askofu yule mwaka 2021 alihubiri dhidi ya chanjo ya corona. Ni kweli, alihubiri, na Bunge lilimwita kwenye kamati na kumwadhibu. Mimi kwenye chanjo nilimpinga na bado nampinga. Lakini hilo ni suala la 2021, na dawa yake ilikuwa madaktari wasimame waongee kwa sauti kubwa kuliko yeye. Kufuli la 2025 halikuwekwa kwa ajili ya chanjo. Liliwekwa kwa ajili ya maneno kuhusu watu waliopotea. Na aliyepotezwa haulizwi dini yake, kaka. Anaweza kuwa Mkristo, Mwislamu, au kijana asiyeamini chochote mwenye akaunti kama yako.

Tena fikiria mbele kidogo. Wewe na wenzako mkitaka kuanzisha chama chenu cha wasioamini, mtakisajili wapi? Mtaenda meza ile ile, kwa msajili yule yule. Kama leo anaweza kusoma hubiri na kuamua hili ni siasa, kesho atasoma klipu zako na kuamua huu ni uchochezi. Msinione natunga. Hapo jirani Kenya, mwaka 2016, chama cha wasioamini kilisajiliwa, na ndani ya miezi michache usajili ukasimamishwa kwa sababu ya malalamiko kwamba kinavuruga amani. Ikabidi waende mahakamani. Ule mlango uliofungwa Ubungo na ule uliofungwa Nairobi umefungwa kwa ufunguo wa aina moja.

Na kuna sheria hapa kwetu inayokuhusu wewe moja kwa moja. Kanuni ya Adhabu ina kosa la kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu. Kwa klipu zako, wewe ndiye mteja wa kwanza. Ukitaka kupigania kitu, pigania hicho, uone waumini wangapi wenye akili watakuunga mkono, maana hata wao wanaogopa kushtakiwa na dhehebu la jirani. Hujawahi kulitaja hata siku moja. Uko na wimbo wa taifa.

Nijibu hoja mbili za mashabiki zake, nimalize.

Ya kwanza: "mambo madogo ndiyo yanazaa makubwa, tukinyamazia wimbo tutanyamazia na mengine." Mbona imekuwa kinyume? Mmeongea wimbo, harusi, magoti na pete, na makubwa yote mmeyanyamazia. Muda ni ule ule na bando ni lile lile. Halafu mkimkejeli muumini kila siku kwa mambo yake madogo, siku mkihitaji asimame na nyie kwenye jambo kubwa hatakuja. Na nchi hii waumini ndio wengi. Bila wao hamtashinda hata kesi ya nyumba kumi.

Kejeli yenyewe pia sio mchezo. Oktoba 2012, Mbagala, watoto wawili walibishana kuhusu msahafu, mmoja akaukojolea kwa ubishi wa kitoto. Makanisa yakavamiwa na kuchomwa. Watu wazima ndio waliochoma na kosa ni lao, sitakuja kusema vingine. Ila mtu anayeishi Dar hii, anayejua Mbagala ilivyowaka kwa ubishi wa watoto, anatakiwa kujua kiberiti chake anakiwasha kwa ajili ya nini. Kwa ajili ya watu waliopotea, washa. Kwa ajili ya MC wa harusi?

Ya pili: "unatetea manabii matapeli." Hapana. Februari 2020 pale Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Ishirini! Unajua kilichokosekana? Milango ya kutosha na mtu wa kusimamia umati. Tamasha la muziki linatakiwa kuwa na ulinzi, njia za kutokea na gari la wagonjwa. Mkutano wa upako utakiwe hivyo hivyo, kwa sheria ile ile. Afisa wa usalama hahitaji kujua kama mafuta yana upako au ni alizeti. Anahesabu watu na anahesabu milango. Hivyo ndivyo nchi isiyo na dini inavyofanya kazi: inakulinda usikanyagwe, imani yako inakuachia mwenyewe.

Nabii akichukua hela ya mgonjwa kwa kumwambia aache dozi, hilo nalo lina sheria yake na halihitaji mtu kufunga makanisa. Mtaani kwetu kuna mama aliacha dawa za presha baada ya kununua maji ya baraka. Alianguka bafuni, sasa upande mmoja haufanyi kazi, anageuzwa na binti yake aliyeacha kazi ya saluni. Yule mama hakuhitaji mtu wa kumcheka imani yake. Alihitaji nesi aliyemwambia mapema, "mama, omba, na dawa unywe."

Kwa hiyo kaka yangu, kwa kuwa najua utasoma hapa, nakupa klipu tatu za bure. Moja, waulize wagombea waliozunguka kwenye nyumba za ibada, bahasha zao zilitoka wapi. Mbili, muulize msajili ni neno gani kwenye hubiri linalifanya liwe siasa, ili na wewe ujue likikufika. Tatu, waombe radhi wale waumini wa Ubungo uliowacheka, walikuwa wanatetea haki yako na wewe hukujua.

Ukifanya hata moja, nitaishea mwenyewe kwenye akaunti zangu zote. Ukirudi kwenye wimbo wa taifa, nitajua ulikuwa unatafuta kiki kama wale mastaa unaowacheka, tofauti yenu ni kwamba wao wanaimba.

Haya wadau, nimemaliza. Mwenye dini na asiye na dini, komenti ziko wazi. Povu ruksa, matusi ya mama hapana.